Ndoa Niliyokutungia

Swima, siku moja kabla hujaondoka

Feza mwanangu,

Salamu tumepeana asubuhi, sitazirudia. Mambo ya unga, sabuni, chandarua na kutoandamana na yule binti wa jirani mwenye simu mbili, mama yako amekueleza tangu Jumatatu na bado anaendelea, nasikia sauti yake mpaka hapa. Mimi siyagusi hayo. Niko ufukweni, nimekaa juu ya mtumbwi wa mzee mmoja ulioletwa kuzibwa, na nyote mnadhani nafanya kazi. Sifanyi. Nakuandikia, na jua bado liko juu, kwa hiyo mwandiko ukiwa mbaya usisingizie giza.

Kutoka hapa nakuona. Umekaa mbele ya nyumba, mdogo wako anakusuka. Kila anayepita anasimama kukupongeza, na kila anayesimama mimi namtazama vizuri, nikijiuliza anataka nini. Wa mwisho alikuwa mke wa katekista, mama wa watu, hana neno. Hata yeye nimemtazama mpaka akapotea nyuma ya mihogo. Ndivyo nilivyo, unanijua.

Kesho utapanda pikipiki kwenda Baraka, urudi kwenye kile kituo cha ufundi ulichokiacha miaka miwili iliyopita, umalize kujifunza injini za boti. Safari hii utalala kwenye bweni lao, si kwa shangazi yako. Nimefurahi. Uso wangu haujui kuonyesha, lakini nimefurahi. Ila jana wakati wa kula ulisema neno moja ambalo limenikaa kooni mpaka sasa. Mama yako alikwambia kwamba ukipata shida yoyote umwone Mama Sifa, yule ambaye kazi yake pale ni kuwasikiliza wanafunzi. Ukaweka tonge chini, ukasema:

“Ule mama? Alinifutaka ku listi bila kuniuliza. Heri nianguke mu maji kuliko kumusemesha.”

Mama yako akanitazama mimi. Mimi nikatazama sahani.

Feza, Mama Sifa hakukufuta. Niliyekufuta ni mimi. Nitakueleza nilivyofanya, na ninaandika kwa sababu mdomo wangu nimeujaribu wiki nzima na umekataa. Nitakupa barua hii kesho pikipiki ikishawaka, ili usiisome mbele yangu. Unaona, hata katika kuungama natafuta mlango wa nyuma.

Kwanza nikupeleke mbali kidogo. Unajua tulikimbia vita kule Makobola nikiwa mvulana, tukavuka ziwa, nikakulia kambini upande wa Kigoma. Mengi ya kule nimewasimulia nikiyatia chumvi ili mcheke. Hili sikuwasimulia. Kulikuwa na siku za kuhesabiwa, watu wenye karatasi wakipita nyumba kwa nyumba. Mwaka mmoja akaja kijana wa sauti laini, akaketi chini na bibi yako. Huyo ndiye Feza wa kwanza, ndiyo maana wewe nakuita mama hata nikikugombeza. Kijana akamuuliza habari za nyumbani kwa upole sana, akamwamkia vizuri, akasifu hata watoto. Bibi yako hakuwa na uongo ndani yake. Akamweleza yote, pamoja na kwamba mjomba wangu amevuka kurudi Kongo kulima na atarudi baada ya mavuno. Kijana akasema pole mama, akaandika. Mwezi uliofuata jina la mjomba halikuwemo kwenye kadi yetu ya chakula. Aliporudi hakuwa mtu tena mahali pale. Alilala kwa kujificha na akala kutoka kwenye sahani zetu, na bibi yako hakujisamehe mpaka tulipomzika.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa na sheria moja: mwenye karatasi haambiwi ukweli. Akiuliza fulani yuko wapi, mpeleke mbali. Akiuliza mko wangapi, sikiliza kwanza wenzako wamejibu nini. Na mwenye sauti ya upole umwogope mara mbili. Tulikuwa hodari, mama. Watoto wa miaka mitano walibadilisha majina yao bila kukunja uso.

Sheria ile ilituokoa mara nyingi, siwezi kuikana. Ubaya ni kwamba niliendelea kuitumia hata kwa watu wasio na karatasi.

Nilipokuwa na umri kama wako nilianza kujifunza useremala kulekule kambini, kwa fundi mmoja Mtanzania, mzee mwembamba asiyependa maneno mengi. Mwezi wangu wa tano kwake, mama yangu akaugua. Nikaanza kuchelewa, kisha kukosa siku nzima nzima. Fundi akaniuliza, “Kijana, nyumbani kuna nini?” Nikamjibu hakuna kitu. Akaniuliza tena siku ya pili. Nikajisemea, huyu anataka kujua ili akamwambie nani? Jumapili moja akaja mwenyewe mpaka kwetu. Nikajificha nyuma ya blanketi tulilogawia chumba, nikamtuma dada yangu aseme nimekwenda kutafuta kuni. Nilimwona kupitia tundu. Mkononi alikuwa na randa, ile ndogo niliyozoea kuitumia. Alikaa kidogo, akaondoka nayo. Mpaka leo sijui kama alitaka kunipa au alitaka kuniuliza kwa nini nimeiharibu. Sikurudi tena kwake.

Ndiyo maana baba yako ni nusu seremala. Kuziba mtumbwi najua, kulainisha ubao najua. Mlango siwezi. Mlango wetu unaujua, haufungi mpaka usukumwe kwa goti, na wageni wanadhani ni unyevu wa ziwa. Si unyevu. Masomo ya milango yalikuwa mwezi wa saba wa kujifunza, nami sikuufikia.

Sasa nirudi kwako. Ulipoanza Baraka, ukaja likizo ukatuambia kwamba pale kuna mama ambaye kazi yake ni kusikiliza, nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kazi gani hiyo? Fundi anafundisha, mlinzi analinda, mkurugenzi anapiga mhuri. Huyu anasikiliza. Anasikiliza nini, na akishasikia anapeleka wapi? Ulisema ukichelewa hakugombezi, anakuuliza umelalaje. Nikaona ni yule kijana wa kambini amevaa gauni.

Halafu ukaja ugonjwa wa tumbo la mama yako. Walipompasua hospitali ya Baraka wewe ndiwe uliyelala sakafuni kando ya kitanda chake, kisha ukamleta Swima. Wakati ule maji ya ziwa yalikuwa yamekwisha kula jiko letu na tulikuwa tunapikia uani kama wapita njia. Ulikuwa mwezi wako wa tano masomoni. Ulisema utakaa wiki moja, umwangalie mama, uwapikie wadogo zako, kisha urudi. Wiki ikawa tatu.

Mama Sifa alikuja kukutafuta. Hukumwona, ulikuwa mtoni unafua. Alishuka kwenye pikipiki ana vumbi mpaka kwenye kope, lakini viatu vizuri. Nilivitazama sana vile viatu. Nikampa kiti, akakataa, akaketi kwenye ubao wangu. Hilo nalo nikaliweka akilini: mtu anayekataa kiti anataka uone kwamba si mkubwa.

“Baba Feza, mi niko Mama Sifa, wa ku santre ya ufundi. Feza iko wapi? Tunamukosa wiki tatu sasa.”

“Haiko hapa.”

“Iko mugonjwa?”

“Alienda Ubwari, kwa shangazi yake.”

“Ku kijiji gani?”

Sheria ya kambini ikajibu kabla sijafikiri. Nikataja kijiji cha mbali kabisa, kule karibu na ncha ya rasi ya Ubwari, ambako hatuna ndugu wala mbuzi. Akashukuru akaondoka. Nami nikajisifu, nikasema huyo hatakuja tena.

Mama yule alikwenda Ubwari. Narudia kwa sababu mimi mwenyewe ilinichukua muda kuamini. Alipanda boti akavuka, akashuka kwenye kijiji kile, akauliza habari zako nyumba kwa nyumba. Mwenye boti ndiye aliyeniambia, tena akinicheka mbele ya watu: “Etabo, kule banakutafutia mutoto, na weye uko naye huku!” Siku ya tatu Mama Sifa akatokea tena hapa Swima, ngozi ya pua imechubuka kwa jua. Nikasema sasa atanitukana, na kweli ningemshukuru. Mtu akikutukana unajua amesimama upande gani.

“Baba Feza, kule habamujue,” akasema. “Labda ulisahau jina ya kijiji.”

Unaona alivyofanya? Alinipa njia ya kutokea bila aibu. Ningesema tu, ndiyo mama, nilisahau, mtoto mwenyewe yuko mtoni, sasa hivi atakuja na nguo kichwani. Badala yake nikazidi kuogopa. Nikajiuliza, mtu anavuka ziwa kwa ajili ya mtoto wa wenyewe, si ndugu, si mchumba, si mtu wa kanisa letu. Anataka nini? Nikakumbuka wasichana waliochukuliwa kwa maneno matamu wakaishia machimboni. Nikatafuta neno moja la kumkata miguu kabisa, neno ambalo hakuna boti ya kulifuata.

“Feza aliolewaka,” nikasema. “Bwana yake alimupeleka. Mahari tulisha kupokea. Mambo ya masomo iliisha.”

Alitoa daftari. Kisha akauliza kitu kimoja tu. “Mwenyewe alikubali?”

“Alikubali.”

“Basi,” akasema, “nitaandika vile.”

Ndivyo jina lako lilivyotoka, na nafasi yako akapewa mwingine aliyekuwa anangoja. Nilikuozesha mwenyewe, mchana, nikiwa na nyundo mkononi, kwa mwanamume asiyekuwepo.

Ningeishia hapo, dhambi ingekuwa tayari inanitosha. Lakini unajua desturi yetu, msichana hawezi kuolewa wenzake wakakaa mikono mitupu. Wiki iliyofuata pikipiki ikaleta mzigo: beseni kubwa la bluu, na ndani yake kitenge kizima cha maua ya manjano. Wenzako wote wa karakana walichanga pamoja na Mama Sifa, kwa ajili ya bibi-harusi. Nikapokea. Ningefanya nini, nirudishe niseme harusi imeghairiwa? Nikamwambia mama yako vimetoka kwa akina mama wa kanisani. Akiwa bado ameshika mshono wa tumbo akaomba sala ya kushukuru, nami nikaitikia amina kwa sauti. Gauni la manjano ulilovaa Pasaka zote mbili limetoka kwenye kitenge hicho. Beseni umeogeshea wadogo zako mpaka likapauka.

Na ndani ya mikunjo ya kitenge kulikuwa na karatasi. Ilipodondoka nilikuwa nakikung’uta, natafuta mtego. Nimekwambia nilivyo. Mama Sifa aliandika kwa mkono wake kwamba kuolewa si mwisho wa masomo, kwamba pale wapo akina mama wawili wanaojifunza na watoto mgongoni, na kwamba ukikwama popote utume mtu tu, na yeye mwenyewe atakuja hapo ulipo. Niliisoma mara mbili. Halafu nikaitia chini ya moto wa kuyeyushia lami.

Mama yako alipopata nguvu ukaenda Baraka. Kutoka langoni ukaona mwingine amesimama mbele ya injini uliyoizoea. Mlinzi akakwambia jina lako halimo, lilifutwa na Mama Sifa, naye siku hiyo alikuwa amepanda kwenda mjini Fizi kwa kazi, nawe ukageuka bila kuuliza mtu mwingine, kwa sababu nilikufundisha tangu mdogo kwamba kuuliza ni kujianika. Ulilala kifudifudi siku mbili. Nikaja nikakaa kando ya mkeka wako, nikakushika bega, nikasema, “Unaona? Nilikuambiaka, bale bantu.” Nilikupa adui ili usije ukanitazama mimi. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu lile bega lilitulia chini ya mkono wangu. Uliniamini.

Miaka miwili uliuza ndagala na mama yako sokoni, hukulalamika. Lakini boti yenye injini ikipita ulikuwa unasimamisha mkono hewani na samaki ndani ya kopo, unasikiliza, kisha unasema, “Plagi moja imekufa.” Na boti ikifika mbele kidogo, kweli inakohoa. Wanawake walicheka. Mimi nilikuwa naondoka kutafuta misumari nisiyoihitaji.

Mambo yalifichuka hospitalini. Mama yako alikwenda Baraka kuangaliwa kovu, na kwenye foleni akakutana na Mama Sifa, ambaye alimtambua aliposikia muuguzi akiita Mama Feza wa Swima. Mama Sifa akamuuliza kwa furaha, “Bibi-harusi yetu iko namna gani? Alisha kuzaa?” Mama yako akadhani amefananishwa na mtu mwingine. Wakaketi wakaongea, mpaka wote wawili wakaelewa. Alirudi jioni, hakupiga kelele. Alilichukua beseni, akalipindua mbele yangu, akalikalia.

“Etabo,” akasema, “hii beseni ni ya nani?”

Nikamweleza yote. Alilia kidogo, hasa kwa ajili ya ile sala. Kisha akasema, “Mi sitamwambia mutoto. Weye njo utamwambia mwenyewe, mbele hajaenda Baraka.” Na fomu yako ya kurudi masomoni, aliyokwambia imetoka kwenye kituo, ilitoka mkononi mwa Mama Sifa. Ulipoijaza ulikuwa unamsengenya aliyeileta.

Usifikiri baada ya hapo niligeuka nikawa mtu wa kuamini watu. Nilimchunguza mama yule kama ng’ombe wa kununua. Nilimuuliza mwendesha pikipiki, nikamuuliza mchungaji, nikawauliza wauza mawese wa Baraka, ambao hakuna siri ya mtu wasiyoijua. Hakuna aliyemsema vibaya. Mji mzima wa Baraka, na hakuna mmoja aliyemsema vibaya! Hilo peke yake lilinitia shaka kuliko yote. Mwishowe nikampata kijana mmoja fundi wa vyuma. Akaniambia alipokuwa anajifunza pale hakuweza kuvumilia mlio wa nyundo. Kila ikipigwa alitoka mbio, kwa sababu ya mambo aliyoyaona kwao milimani. Alikuwa ameamua kuacha. Mama Sifa alikaa naye siku kadhaa, kisha akaenda naye kwa fundi mkuu, wakapanga awe anafanyia kazi uani, mbali na wenzake, na kuingia ndani kidogo kidogo mpaka alipozoea. “Na alikuomba nini?” nikamuuliza. “Hakuna.” “Kabisa?” “Alisema tu nikitaka kukosa siku, nimwambie mbele, si nyuma.” Nilimtazama yule kijana machoni nikitafuta uongo. Ninaujua uongo, ni kazi yangu ya zamani. Sikuuona.

Wiki iliyopita Mama Sifa mwenyewe alikuja hapa ufukweni. Wewe ulikuwa sokoni. Safari hii kiti alikikubali.

“Baba Feza, mi sikukuya kukulaumu. Niambie tu kitu moja. Ulikuwa unaogopa nini?”

Nikamsimulia kambi. Nikamsimulia kijana wa sauti laini, na kadi, na mjomba aliyelala kwa kujificha. Yote ni kweli, hakuna nililoongeza. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akaendelea kunyamaza, kama mtu anayejua kuna kingine. Nikaona kazi yake ilivyo: anakaa hapo mpaka mwenzake aishiwe na maneno ya kujifunika. Mimi niliishiwa. Nikasimama nikachukua patasi, nikamwambia lami inapoa. Akaniaga kwa heshima, akaenda.

Lile nililomficha nakuambia wewe.

Sikuwa naogopa karatasi. Siku ile ya kwanza, aliposema “tunamukosa”, mama yako alikuwa amelala ndani anaugulia, wadogo zako wana njaa, jiko limekwenda na maji, na mimi mikono yangu hii sijui hata ugali unaanzia wapi. Wewe ulikuwa unaamka kabla yetu sote. Ukishawasha moto nyumba inapumua, na mimi napumua. Nikajisemea, huyu akiondoka, nitabaki na nini? Hayo tu. Nilikutaka nyumbani, mama yangu. Nilikuwa napoteza kila kitu na wewe ulikuwa wa mwisho kushikika, nikakushika kwa nguvu bila kukuuliza. Nimetumia miaka miwili kumshuku mama yule kwamba anataka kuniibia msichana, na kumbe mwizi wa msichana alikuwa amekaa hapahapa na nyundo yake.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi. Nitauomba ukirudi, kwa magoti, na wadogo zako waone.

Sasa kuhusu huko uendako. Shida itakuja, sijui itakuwa ipi. Labda tumbo la mama, labda homa, labda mvulana, labda siku ambayo utaamka tu na moyo mzito bila sababu. Mimi nilianguka mwezi wa tano, nawe ukaanguka mwezi wa tano. Sisemi kuna mkono wa mtu, lakini mwezi huo uutazame vizuri. Ikifika, usisubiri Mama Sifa aje kukuuliza. Nenda wewe. Sikulazimishi kumpenda, na sikwambii uache kushuku, kwa sababu hilo nami sijaliweza, na pengine siku moja litakufaa na mtu mwingine. Ukitaka kumjaribu, mjaribu. Mpe jambo dogo kwanza, ungoje uone kama litakurudia kupitia kwa mtu mwingine. Lisiporudi, mpe la kati. Mtazame viatu ukipenda. Lakini umjaribu ukiwa umekaa mbele yake, si ukiwa nyuma ya blanketi kama baba yako.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonikalisha hapa mpaka mdogo wako amemaliza kukusuka.

Najijua. Siku moja nyumba itanilemea tena, na nitakupigia simu. Nitasema, njoo upesi, mama yako amezidiwa. Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa ni mafua, na mimi nimeshindwa na sufuria. Hutaweza kunijua kwa sauti, kwa sababu nikisema hivyo mimi mwenyewe nitakuwa nimeshaamini. Kwa hiyo siku hiyo, Feza, usifunge mzigo. Nenda kwa Mama Sifa umwambie, baba yangu amepiga. Leo asubuhi nimemtumia namba ya mama yako na namba ya muuguzi wa hapa Swima. Nimemwandikia kwamba kila neno litakalotoka kwangu alipime kwanza kwa hao wawili. Akikuta ni kweli, atakuombea ruhusa, utakuja, na nafasi yako itakungoja. Akikuta si kweli, atakwambia.

Nitakasirika. Nitasema nimezaa mtoto asiye na heshima, anayemwamini mgeni kuliko baba yake. Nitakukatia simu. Niache nikasirike, wewe rudi kwenye injini yako.

Baba yako,
Etabo